Hatua Thelathini Kutoka Mlango wa Jiko

3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na wifi, na kwamba goti limepunguza kelele. Ningeweza kupiga simu, lakini sheria ya Baba bado inanitawala: simu ni ya misiba na ya bei ya nyanya, mengine yote yaandikwe, ili mtu apate nafasi ya kufuta.

Nina jambo la kazini ambalo limegeuka kuwa la nyumbani. Ulipotutembelea mwaka jana nilikueleza kazi yangu, nawe ukasinzia kwa heshima. Naomba nirudie kwa ufupi. Programu yetu ya ramani ni huria: haina mwenyewe, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuifungua, kuirekebisha na kuirudishia wengine. Ramani nayo ni hivyo hivyo. Inachorwa na watu wanaojitolea, kila mmoja kwa jina alilojichagulia. Kwa hiyo kila mkono unaogusa kitu chochote, nyumba, njia au mti, huacha kumbukumbu: nani, lini, kilikuwa wapi, kimekwenda wapi, na sababu kwa maneno machache. Kikisogezwa zaidi ya mita moja, badiliko huletwa mezani kwangu ili nilihakiki. Chini ya mita moja hupita lenyewe, kwa kuwa simu za wachoraji hutetereka kiasi hicho hata mtu akisimama wima kama mlingoti.

Wiki iliyopita tuliongeza kitufe kinachochora historia nzima ya kitu kimoja. Kila mahali kilipowahi kuwekwa hutokea nukta ya kijivu. Nilikijaribu kwa kile ninachokipenda kuliko vyote katika ramani, kisima cha nyumbani, ambacho nilikiweka mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Nilitegemea nukta moja. Zikatokea saba.

Zimepangana katika mstari mmoja, zikiuacha mlango wa jiko kuelekea mashariki, mfano wa nyayo za mtu aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Sentimita tisini, kila Jumatatu, wiki sita mfululizo. Anayesogeza anajiita Mpitanjia. Katika nafasi ya sababu ameandika kila mara maneno yale yale: "Kidogo tu."

Unajua uzito wake. Kiwanja tumekwisha kuwapa shule. Mkandarasi ataacha mita tano kuzunguka kisima kilichofunikwa, kisha ataanza kuchimba msingi wa madarasa mawili upande huo wa mashariki. Kisima kikionekana kimesogea, madarasa hayatatosha pale. Nani anafaidika? Sipendi kumdhania mtu, lakini jirani yetu fundi nguo, Mzee Cherehani, alisema mbele ya mkutano kwamba kelele za watoto zitamfanya ashone mikono ya shati kwenye kola. Huenda nakosea. Naomba umchunguze kwa upole.

Ramani inafungwa tarehe 11 Aprili na kukabidhiwa kwa mhandisi. Kabla ya hapo nitairudisha nukta mahali pake na kuifunga asiweze kuigusa mtu.

Mdogo wako,
Futi


12 Machi

Futi,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana wifi yako hapendi kuachwa nyuma. Anakusalimu. Anasema nyanya zimepanda, kwa hiyo ungepiga simu tu.

Mzee Cherehani nimemwendea. Nilimkuta anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Nikamwuliza, "Jirani, wewe ndiye unayesogeza kisima chetu?"

Akasema, "Kisima kipi? Mimi hata kiti hiki kimenishinda kusogeza."

"Kisima cha kwenye kompyuta."

"Ala! Sasa maji mnayaweka huko?"

Mtu anayemwita mke wake atoke jikoni kuja kumtungia uzi kwenye sindano, Futi, hawezi kusogeza nukta kwa sentimita tisini. Mwondoe kwenye orodha yako. Na maneno ya mkutanoni usiyashike. Kitambaa cha sare za shule ameshaagiza.

Nami nikupe ushauri, ingawa mimi ni mwashi tu. Usirudishe kitu kwa hasira. Ukuta uliojengwa kwa hasira, nimelipwa mara nyingi kuubomoa. Mwache huyo Mpitanjia amalize anachofanya, halafu uone ameishia wapi. Pengine ana sababu yake.

Mkandarasi alipita juzi kupigilia vigingi. Nilimwambia auangalie vizuri upande ule wa mashariki, udongo wake unalia mtu akiukanyaga. Akanijibu, "Mzee, mimi nafuata ramani." Kijana mwenye adabu, lakini masikio ameyaacha ofisini.

Swali la mtu asiyesoma: nukta ikishafungwa, inafunguliwa tena au ndiyo basi?

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za Mzee Cherehani, na ninaona haya kidogo. Umenishauri nisubiri, lakini sikuweza. Tarehe 17 niliirudisha nukta mahali pa mwanzo na kuifunga. Inafunguliwa, ndiyo, ila kwa mkono wangu tu, na nitalazimika kuieleza ofisi kwa nini.

Nataka uelewe ukaidi huu umetoka wapi. Wewe siku ile ya chaki hukuwapo, ulikuwa kazini. Nilikuwa nimerudi likizo ya mwisho, nina zoezi la kuchora ramani ya mahali ninapopafahamu, na nilitaka ramani yangu iwe na kitu ambacho hakuna picha ya angani ingeweza kukionyesha. Nikamwuliza Baba kisima kilikuwa wapi. Akasema bila kufikiri: "Hatua thelathini kutoka mlango wa jiko, ukiufuata uso wa jua la asubuhi." Nikamwambia hatua si kipimo. Akacheka: "Basi ipime."

Nikatandaza barazani karatasi ya kufungia bidhaa, ndefu kama mkeka wa msikiti, nikazipaka chaki nyayo za vile viatu vyake vya kahawia. Akapita juu yake taratibu, mkono mmoja ukiugusa ukuta. Nikamwambia, "Baba, tembea kama kawaida yako." Akasema, "Hii ndiyo kawaida yangu, Mheshimiwa Mpimaji." Mama akachungulia mlangoni akauliza ni nani atakayeiosha baraza. Kulikuwa na harufu ya chai iliyoungua kidogo, na jua lilikuwa limefika kwenye ngazi ya pili. Nakumbuka hata hilo, la ngazi ya pili.

Sentimita hamsini na mbili kwa hatua. Mara thelathini: mita kumi na tano na sitini. Hapo ndipo nilipoiweka nukta, na katika nafasi ya sababu nikaandika, "Hatua thelathini za Baba." Ramani ile ndiyo iliyonipatia kazi hii. Miezi mitatu baadaye, nikiwa katikati ya mitihani, mkanipigia simu, naye akawa ameondoka ghafla namna ile. Karatasi ya nyayo zake iko ukutani mbele yangu hivi ninavyokuandikia. Mtu anaposogeza nukta ile, Kaka, hasogezi kisima.

Hata hivyo nilisomeshwa nizitilie shaka hoja zangu mwenyewe, na zipo mbili zinazonisumbua. Kwanza, mharibifu hana subira ya wiki sita. Pili, huyu mtu anajua kwamba chini ya mita moja hakuna anayemwona. Kipimo hicho nilikichagua mimi, na nje ya ofisi nimewaeleza watu wachache mno. Mmoja wao alikuwa amesinzia kwenye kochi langu, au ndivyo nilivyodhani. Kumbukumbu zinaonyesha pia kwamba mabadiliko yote yalifanywa saa nne asubuhi, kwenye kompyuta za shule iliyo jirani nawe.

Nakuuliza kwa heshima zote: unamjua Mpitanjia?

Futi


27 Machi

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Jumatatu nawafundisha wanafunzi wa ufundi kupiga lipu. Saa nne ni mapumziko. Mwalimu wa jiografia alinionyesha namna ya kuingia na kushika nukta kwa kidole. Na kwenye kochi lako sikusinzia. Nilifumba macho ili usione kama nafuatilia.

Sasa nisikilize kama kaka yako mkubwa. Kisima hakiko ulipokiweka. Mimi nimeteka maji pale mpaka nilipofika miaka kumi na mbili. Mikono yangu inapajua, kamba yake iliwahi kunichuna hapa kwenye kidole gumba. Kilifunikwa kwa ajili yako. Ulikuwa umeanza kutambaa, na ulikuwa unatambaa kama mwenye deni la kulipa. Baba akalaza magogo, akaweka mbao, akamwaga udongo, kisha akatembea kutoka pale mpaka mlango wa jiko akihesabu kwa sauti, ili asisahau. Thelathini. Lakini Futi, Baba wa siku ile alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa anatembea kama mtu anayevuka mitaro. Mimi nilikuwa namfuata nyuma mbio mbio. Ulichukua hesabu ya kijana, ukaizidisha kwa hatua za mzee.

Kwa mikono yangu, tofauti ni mita saba na themanini. Yaani msingi wa madarasa unakwenda kukaa juu ya shimo, na magogo yale yana miaka zaidi ya arobaini. Mkandarasi hanisikii, anaisikia ramani. Ndiyo maana nikaiendea ramani. Nilikuwa nimebakiza Jumatatu tatu nifike, barua yako iliponisimamisha.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Hapo ndipo kalamu inakuwa nzito. Mke wangu amekaa hapa pembeni, anasema, "Mwandikie, acha kuizungushazungusha."

Baba hakuondoka ghafla. Ulipokuja na chaki yako, daktari alikuwa ameshamwambia mwezi mmoja kabla. Mama alijua, nami nilijua. Alitukataza. "Amalize mitihani kwanza." Asubuhi ile alimeza dawa za maumivu ndipo akatoka barazani, na alishika ukuta kwa sababu hakuwa na namna. Hatua ulizozipima si za uzee tu. Ni za mgonjwa.

Jioni nilimkuta ameitazama ramani yako, anacheka mpaka anakohoa. Aliniambia, "Mdogo wako amenihamishia kisima jikoni." Nikamwambia nitakuita urekebishe. Akasema, "Mwache. Maji yenyewe hakuna atakayeyateka tena. Na ukimwambia hatua hizi si zangu, atauliza zangu ziko wapi."

Basi nikanyamaza. Nilifikiri nikisogeza kidogo kidogo, kisima kitafika mahali pake na wewe utabaki na karatasi yako. Nilikosea mahesabu ya wiki.

Nifungulie nukta hiyo. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini fungua kwanza.

Kaka yako


19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimerudi salama, basi lilichelewa, nikasoma barua zako zote njiani kuanzia ya zamani, mtu mzima na bahasha mapajani.

Simu yangu ya siku nilipopata barua yako ilikuwa ya dakika moja, na najua ilikuwa ya ukali. Nilisema tu nakuja, kwa sababu maneno mengine yote yalikuwa ya kufuta. Yale niliyokwambia jikoni usiku wa kuamkia kuchimba sikuyafuta, na bado sijui kama ningepaswa. Nilikwambia ulininyang'anya miezi minne ya Baba. Ukanijibu, "Sikukunyang'anya wewe. Nilimpa yeye." Nimelibeba jibu hilo siku kumi na tatu. Kuna asubuhi naliona la haki kabisa, na kuna asubuhi naona ni namna nzuri tu ya kusema jambo baya. Labda yote mawili ni kweli. Sitaki kujilazimisha kuamua ili barua iishe vizuri.

Ninachokijua kwa yakini ni tulichokiona. Mkandarasi akiwa amekunja mikono, na Mzee Cherehani akiwa ameleta kiti chake, kile kilichomshinda kusogeza, akikaa karibu kuliko wote na kutoa amri: "Chimbeni polepole, mtamwamsha chura!" Kisha jembe lako likatoa ile sauti, nasi sote tukarudi nyuma hatua moja bila kuambiana. Magogo yalimeguka kama mkate mkavu. Ulipotupa kokoto, tulisubiri, na yule kijana mkandarasi akavua kofia.

Mita ishirini na tatu na sentimita ishirini, nilipima mara tatu. Mikono yako ilikosea kwa sentimita ishirini. Nina wahakiki ofisini wasioweza kufanya hivyo kwa satelaiti.

Mhandisi amekubali kuyageuza madarasa yatazame barabara. Umeshasikia gharama yake: darasa la pili litachukua mahali pa jiko la Mama. Niliidhinisha mwenyewe. Kwa hiyo kisima kimepata mahali pake, na mlango tuliokipimia unabomolewa. Nilipotia sahihi nilisikia kabisa ile harufu ya chai iliyoungua, kisha ikapotea.

Nikirudi kwenye karatasi ya chaki. Niliishusha ukutani, nikaipima upya, safari hii kila hatua peke yake. Mguu wa kulia ukitangulia, hamsini na sita. Mguu wa kushoto ukitangulia, arobaini na nane. Hivyo kutoka mwanzo hadi mwisho wa karatasi: hamsini na sita, arobaini na nane. Alikuwa anachechemea, Kaka, na iliandikwa kwa chaki mbele yangu. Lakini mimi nilichukua wastani, kama nilivyofundishwa. Wastani ndio ulionifichia Baba. Ninyi mlinisaidia tu.

Nimeirudisha ukutani. Sikupata sababu ya kuiondoa.

Nukta nimeifungua, nikaisogeza kwa mara moja, mita saba na sitini, na kwa kuwa ni zaidi ya mita moja ikaja mezani kwangu ili nihakiki badiliko langu mwenyewe. Sheria hairuhusu, nikampelekea mwenzangu wa meza ya pili. Aliniuliza kwa nini historia yake ni ndefu hivi kwa kisima kisicho na maji. Nikamwambia ni ya kifamilia. Ninao uwezo wa kuzifuta nukta za kijivu. Nimeziacha zote, ya kwanza ambayo ni kosa langu, na zako sita zinazokwenda mashariki kimya kimya.

Katika nafasi ya sababu nimeandika: "Hatua thelathini za Baba, alipokuwa mzima."

Msalimu wifi. Mwambie sijasahau kwamba ndiye aliyekushikia kalamu.

Futi


28 Aprili

Futi,

Marahaba. Barua imefika, nimeikunja nikaiweka kwenye kopo la misumari, huko panya hafiki.

Nilikwenda shuleni Jumatatu, nikafungua ramani, nikabonyeza kitufe chako. Nimeziona nyayo zangu, na ile nukta yako ya mwisho peke yake kule mbele. Nimesoma ulichoandika. Mwalimu wa jiografia aliniuliza kama macho yananiuma, nikamwambia ni vumbi la chokaa.

Jiko wanalibomoa kesho. Mlango nimeung'oa mimi, pamoja na fremu yake. Umeegemea ukuta wa Mzee Cherehani, anautundikia sare. Kabla sijaung'oa nilisimama kizingitini, nikatembea kuufuata uso wa jua mpaka kwenye mawe ya kisima, nikihesabu kwa sauti kama yeye. Wifi yako alikuwa nyuma yangu, anahesabu pia, kwa vile haniamini.

Nilidhani nitapata thelathini. Nimepata thelathini na saba.

Nafikiri ni goti. Lakini keshokutwa naenda kwa daktari, na atakachosema nitakupigia simu siku hiyo hiyo, iwe msiba, iwe bei ya nyanya. Nakuandikia leo kabla sijakijua, ili usije ukakipima kwa chaki.

Kaka yako